Lambo la Kwenye Daftari

Riwaya yangu niliiandika nikiwasubiri wageni rasmi. Sitanii. Mtu akiniuliza, wewe diwani, muda wa kuandika unaupata wapi, namjibu hivyo hivyo: chini ya turubai, kwenye kiti cha plastiki, kuanzia saa nne tuliyoambiwa mgeni anafika mpaka saa tisa anapofika kweli. Akina mama wameshacheza ngoma wakachoka, wanafunzi wamekaukwa midomo juani, mshereheshaji amemaliza vichekesho vyake anarudia vya asubuhi, na mimi nimekaa jukwaa kuu na kaunta buku mapajani, kalamu inakwenda. Watu wananitazama wanaambiana, mnamwona mheshimiwa wetu, anaandika kero zetu. Nusu ya wakati walikuwa wanasema kweli.

Maana daftari lilikuwa moja. Mbele niliandika kero za wananchi, kwa namba, kama nilivyozoea nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kisha naligeuza juu chini, naanza nyuma, na huko ndiko ilikokuwa riwaya. Ningeweza kubeba madaftari mawili, najua. Lakini diwani anayeonekana na madaftari mawili anaulizwa la pili la nini, na mimi nilishachoka kuulizwa.

Kata yangu iko Simiyu, na halmashauri gani, sisemi. Ni kata ya pamba, mahindi na ng'ombe. Huko kila mtu anajua kwamba naandika siku anapotaka kuandikiwa. Kuna msiba, mheshimiwa atuandikie wasifu wa marehemu. Kuna mgeni, mheshimiwa atutengenezee risala, yeye ana maneno. Nimeandika wasifu wa wazee ambao sikuwahi hata kuwasalimia. Lakini nikisema naandika kitabu changu, uso wa mtu unabadilika, kama nimemwambia nimeanza kunywa pombe. Katibu mmoja wa chama alinivuta pembeni akaniambia, kwa upole kabisa, "Mheshimiwa, hivi vihadithi waachie walimu. Wewe sasa ni kiongozi." Nikamwambia hata mimi ni mwalimu. Akacheka, akanipiga bega, akaondoka zake.

Nilivimba siku hiyo nzima.

Sasa nieleze habari ya lambo, maana ndilo lililonipeleka kwenye siasa. Shangazi yangu, dada yake baba, anaishi kitongoji cha mwisho kabisa cha kata, ambako bodaboda nao wanakubali kwenda kwa kubembelezwa. Lambo lao lilichimbwa zamani, mimi bado msichana. Tuta limekatika upande mmoja, katikati limejaa tope. Mvua zikikatika, maji yanabaki kidogo katikati na kuyafikia lazima uvuke tope. Mtu anapita kwa shida. Ng'ombe hapiti. Anazama mpaka tumboni, na akina mama wanamfunga kamba, wengine wanavuta, mwingine yuko nyuma kashika mkia anasukuma, matope mpaka kwenye nywele. Na maji ya kunywa ya nyumbani ni hayo hayo.

Nilipokuja kuomba kura kitongojini kwao, shangazi alisimama mbele ya watu, akanionyesha kidole. "Ng'wanawane," aliniambia, na kwetu hilo ni neno la mtoto wa kumzaa mwenyewe, "ng'ombe akishazama hamtazami ng'ombe mwenzake. Anamtazama mtu. Sasa na sisi tunakutazama wewe." Watu walipiga makofi. Nikaahidi lambo. Nilipita, na kila robo mwaka nikawa napeleka taarifa ya kata kwenye halmashauri, na lambo limo. Kila robo jibu linarudi lile lile: linasubiri bajeti, kata ihamasishe wananchi. Niwahamasishe wafanye nini, wanywe kidogo?

Nilipigia simu ofisi mpaka wakawa hawapokei namba yangu. Nikabadilisha laini.

Hasira hizo nilikuwa nikiziweka kwenye riwaya. Nilitunga kitongoji changu, nikakipa jina ambalo halipo popote duniani. Nililitoa kwenye jina la mbuzi wa mama yangu na la mto mmoja, nikayaunganisha. Jina lenyewe silitaji. Kitongoji hicho kina akina mama ambao wamemsubiri mgeni rasmi siku nzima, na sura ile nilitaka waseme wenyewe, wote kwa pamoja. Nikaiandika kama risala, jina la kitongoji juu kabisa. "Mheshimiwa mgeni rasmi, sisi wakazi wa kitongoji hiki tunaomba lambo letu lifukuliwe tope na tuta lijengwe upya." Na kadhalika. Niliiandika siku mgeni wetu wa kweli alipochelewa kuliko wote, nikaimaliza king'ora cha msafara kikisikika. Nilifurahi! Nilisimama kumpokea yule bwana nikiwa natabasamu mpaka masikioni, akadhani namfurahia yeye.

Kosa ni langu, nalisema kabla hamjanisemea. Robo ile nilitakiwa nikae na mtendaji wa kata tuandike taarifa ya kero. Lakini nilikuwa na miadi Bariadi mjini, Somanda, kwenye steshenari moja ambako dada mmoja alikuwa ananichapia sura za kwanza kutoka madaftari ya zamani, na siku hiyo ndiyo pekee aliyokuwa na nafasi. Nikampitishia mtendaji kaunta buku asubuhi. Alikuwa mgeni katani, amehamishwa kutoka mkoa mwingine, kijana mtaratibu, shati limechomekewa muda wote. Nikamwambia, "Kero zimo humu, zichukue zote, usiache hata moja." Nikapanda gari nikaenda kwenye kitabu changu.

Na yeye hakuacha hata moja. Alinakili mbele mpaka kero ya kumi. Alipofika katikati akakuta maandishi yamekaa juu chini, maana daftari lilikuwa limejaa, kero na riwaya zimekutana. Akaligeuza. Ukurasa uliokuwa mbele yake ndio wa mwisho niliouandika, ile risala. Wakazi wa kitongoji, lambo, tope, tuta. Kwa nini asiamini? Hakuvijua vitongoji vyote. Akaiandika kero ya kumi na moja, akagonga muhuri, akapeleka. Nilirudi jioni nimebeba karatasi zangu zilizochapwa zinanukia wino, nikatia saini taarifa bila kuisoma.

Miezi ikapita, likaja baraza la madiwani. Kwenye baraza tunavaa majoho, na ukumbi ule joto lake unalijua ukiwa ndani ya joho. Kila mtu anapewa kabrasha lake. Nikafungua kwenye kata yangu, nikatafuta lambo la shangazi. Kero namba nne: linasubiri bajeti, kata ihamasishe wananchi. Haya. Nikashuka chini na kidole, na kwenye kumi na moja nikaliona jina la mbuzi wa mama yangu.

Na pembeni, kwenye safu ya hatua zilizochukuliwa: "Lambo limefukuliwa na tuta limejengwa upya. Wananchi na mifugo wanapata huduma. Imetatuliwa."

Mayu wane, mama yangu! Nilicheka kwanza. Nilicheka kwa sauti, diwani wa jirani yangu akanigusa kiwiko kuniuliza kuna nini. Halafu kicheko kikakata. Kitongoji nilichokitunga nimekaa kwenye kiti cha plastiki kimepata maji. Shangazi yangu mwenye mwili na jasho anavuta ng'ombe kwa kamba. Nilikuja kuelewa baadaye ilivyokuwa: safu ile ilikuwa inatakiwa ijae kabla ya baraza, na kero ya kumi na moja ilikuwa mpya, haina mtu anayeipigia simu kila wiki, hakuna wa kuja kulalamika. Ndiyo maana ilikuwa rahisi kuitatua.

Nikanyoosha mkono. Mwenyekiti wa halmashauri aliniona, akasema tutakwenda chai kwanza. Kwenye chai akanifuata mwenyewe, kikombe mkononi, tukasimama nyuma ya ukumbi. Nilimweleza yote, na riwaya nikamweleza. Hakushtuka. Alikunywa chai yake taratibu, akasema, "Dada yangu, ukisimama pale ukasema umeleta kitongoji cha uongo kwenye taarifa uliyosaini mwenyewe, nani ataumia? Mtendaji wako, na wewe. Na kura za maoni hizo hapo. Tulia. Hilo lambo lako la kweli nitaliingiza mimi mwenyewe, robo ijayo, utaona."

Nikatulia. Mimi ninayejulikana kata nzima kwa mdomo, nilirudi ukumbini nikakaa. Najidanganya nikisema nilikaa kwa ajili ya lambo. Lambo lilikuwemo, sikatai. Lakini niliogopa pia ukumbi mzima usijue kwamba mheshimiwa anatunga hadithi jukwaani wakati wao wanahutubia, na kwamba mgeni rasmi wa kwenye hadithi ana kitambi na kicheko wanavyovifahamu. Nililinda kiti na nililinda kitabu, vyote kwa pamoja, na nikajiona mjanja.

Robo iliyofuata shangazi ndiye aliyenifikia kabla ya kabrasha. Nilikuwa kibarazani nachambua mchele. Alikuja na bodaboda mpaka mlangoni, akashuka, na vumbi usoni.

"Mwadila, shangazi."

"Mwadila." Aliitikia salamu tu. Nikamwekea kiti, akakaa. Nikamletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai, asiguse. Nikajua hapa kuna jambo, maana shangazi kukataa michembe sijawahi kuona.

Alisema walikwenda halmashauri, akina mama sita, kuuliza lambo. Wakaonyeshwa karatasi. Wakaambiwa lambo lenu limeshafukuliwa, mbona mnasumbua, diwani wenu mwenyewe ndiye aliyeleta na kusaini.

"Sio lenu hilo," nilisema. "Hilo ni lingine."

"Jina letu limo. Nimesomewa."

Nikaingia ndani nikampigia mtendaji, akanitumia picha ya ukurasa. Kero namba nne ilikuwa imefutwa. Kumi na moja ilikuwa imebaki, na mbele ya kitongoji changu cha kutunga walikuwa wameongeza, kwenye mabano, jina la kitongoji cha shangazi. Chini wakaandika: kero hizi mbili zinahusu eneo moja, zimeunganishwa na kufungwa. Hivyo ndivyo mwenyekiti alivyoliingiza lambo langu. Ebo! Aliahidi na akatimiza.

Nilirudi kibarazani nikamwambia shangazi ukweli wote. Mtu aliyesoma mpaka darasa la pili, nikamweleza riwaya ni nini, nikamweleza kwamba kile kitongoji hakipo, nilikitoa kichwani. Alisikiliza kichwa amekiinamisha. Akasema, "Nisomee hayo uliyoandika."

Nikaleta daftari nikamsomea risala. Nilipofika mahali akina mama wanamwambia mgeni rasmi kwamba ng'ombe akishazama hamtazami ng'ombe mwenzake, anamtazama mtu, shangazi aliinua mkono nikanyamaza.

"Hayo ni maneno yangu."

"Ndiyo, shangazi."

"Nilikupa wewe uyapeleke kule." Alionyesha upande wa barabara ya halmashauri. "Wewe ukawapa watu ambao hawapo. Na wao wakapewa maji."

Nimegombana na wakuu wa idara, nimemfukuza mzabuni kwenye kikao, lakini kibarazani kwangu pale nilishika sinia la mchele nikawa nageuza punje. Alikataa nimlipie bodaboda.

Baraza lilipofika nilikwenda na kaunta buku ndani ya joho. Safari hii sikusubiri chai. Kipindi cha maswali ya papo kwa papo nikasimama, nikawaambia kitongoji cha kero namba kumi na moja hakipo, nimekitunga mimi, haya ndiyo maandishi yenyewe, na nikawasomea. Nilisoma risala yote kwa sauti ya mwalimu. Nilipomaliza nikasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, mmefukua lambo la kwenye hadithi. La kweli liko palepale na tope lake. Ninaomba kero namba nne irudishwe leo."

Mtu nyuma akapiga makofi. Mwingine akafuata. Ukumbi mzima ukapiga makofi, wengine wakigonga meza, na mwenyekiti akawa anacheka, ameegemea kiti. "Mheshimiwa ametuburudisha," alisema. "Jamani, tuna mtunzi humu ndani na hatukujua! Siku mgeni akija, risala tunampa yeye." Kicheko kingine. "Tunaendelea, kata inayofuata."

Nilibaki nimesimama. Nilisema tena, kwa sauti, kwamba lambo halijafukuliwa. Kipaza sauti kilikuwa kimeshakwenda kwa mwingine.

Mnadhani mwisho ni hapo? Wiki kadhaa baadaye nilipata muhtasari wa kikao. Nimeusoma mpaka naujua kwa moyo. Unasema kwamba Mheshimiwa Diwani wa kata yangu, kwa niaba ya wananchi wake, alilishukuru baraza kwa ukarabati wa lambo na kutoa shukrani hizo kwa njia ya risala iliyowafurahisha wajumbe. Alilishukuru! Nimeandika miaka yote hii nikiamini kwamba mimi ndiye mtunzi katika halmashauri ile. Mtoto mdogo mimi. Kuna watu pale wanatunga bila hata kutokwa jasho, na vya kwao vinagongwa muhuri.

Nilikwenda kwa shangazi na muhtasari ule. Nilimkuta lamboni na akina mama wenzake, kiangazi kimeshika, na ndama mmoja alikuwa ndani ya tope. Nikavua viatu, nikapandisha kitenge, nikashika kamba pamoja nao. Alikuwa mdogo lakini tope lilimkataa kutoka. Na ni kweli alivyosema shangazi: hakuwatazama ng'ombe wenzake waliosimama ukingoni. Alinitazama mimi. Tulimtoa yu hai, akalala pembeni akihema, na sisi tukakaa chini hapo hapo na matope yetu.

Nikamsomea shangazi muhtasari. Nilidhani atanitukana, na ningefurahi anitukane. Akanawa mikono kwenye kile kijimaji cha rangi ya chai, akajifuta kwa khanga.

"Hicho kitabu chako umeshakimaliza?"

"Bado."

"Basi andika tena. Usituandikie risala. Andika hivi ilivyokuwa, lambo hili, na sisi hawa. Ila safari hii usitutungie jina. Kitongoji chetu kina jina. Liweke."

Nikamwahidi. Nilimwahidi nimekaa kwenye tope, mbele ya wanawake sita, kama nilivyomwahidi lambo.

Hayo ndiyo niliyoandika hapa, kama yalivyokuwa. Fomu za chama zinatoka mwezi ujao na mimi nitachukua, na katibu ameshanikumbusha niwe makini na ninayoyaandika. Nimejaza kurasa zote hizi kwa hasira, nimewasema wote. Na jina la kitongoji cha shangazi, lisomeni tena daftari hili mwanzo mpaka mwisho, sijaliweka.